Laptopu ya chuo: karibu miaka mitatu nayo, na rekodi zangu 14 zilizopotea

Naandika hii kwa ajili ya walimu wasaidizi na watafiti wapya, maana kila mwaka naona kitu kilekile. Mtu anaajiriwa, anasaini fomu stoo, anapewa laptopu ya chuo, anaifungua siku ya kwanza inamkatalia kuweka programu yake, basi anaifungia kabatini anarudi kwenye laptopu yake aliyonunua Kariakoo. Mimi yangu nilikabidhiwa mwanzoni mwa 2023, ya kwanza ikafa, nikapewa nyingine, kwa hiyo nimeshaishi na mbili na nayajua mazuri yake na maumivu yake. Chuo sikitaji wala kampuni iliyotengeneza mashine, ila mfumo wenyewe ni huuhuu wa Microsoft unaotumika vyuo vingi, kwa hiyo mengi yatakuhusu uwe Dodoma, Mbeya au Eldoret.

Kuhusu mashine sina maneno mengi. Inchi 14, Core i5, RAM GB 16, SSD ya GB 512, kibodi nzuri, betri inanipa masaa matano hivi nikiwa naandika tu. Inabebeka hata umesimama kwenye mwendokasi. Kwa kazi za ofisini na uchambuzi wa data wa kawaida inatosha kabisa.

Kitu kinachowashinda wengi ni kwamba laptopu unayo mkononi lakini mwenye nayo ni chuo. Unaingia kwa akaunti ya kazi, huna ruhusa ya admini, programu unazitoa kwenye orodha iliyopitishwa na watu wa TEHAMA, apdeti zinakuja zenyewe, diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la Windows ambalo likigoma linafunguliwa kwa namba ndefu ya siri, na ikiibiwa wanaweza kuifuta wakiwa ofisini kwao. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama wanasoma mambo yetu. Nilimuuliza kijana mmoja wa TEHAMA ana kwa ana, akaniambia, "Dada, sisi tunaangalia hali ya mashine, ina programu gani, imeapdetiwa lini, hatukai kusoma barua zako. Lakini ni mashine ya mwajiri, usiweke humo kitu ambacho hutaki mwajiri akione." Niliona ni jibu la kweli na nimelifuata. Picha za watoto, taarifa za M-Pesa, mahesabu ya kikoba chetu, vyote viko kwenye simu na laptopu ya nyumbani, havijawahi kukanyaga mashine ya chuo.

Sasa nije kwenye mafaili, maana hapa ndipo pananiuma.

Ukiingia mara ya kwanza, OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inazichukua folda tatu, Desktop, Documents na Pictures, na kuanzia hapo chochote ukiweka humo kinapanda mtandaoni chenyewe. Wengi tunasikia "mafaili yako yanahifadhiwa" tunaelewa yote. Siyo yote, ni hizo folda tatu. Downloads haimo. Folda uliyojitengenezea mwenyewe kwenye C haimo. Hakuna mtu aliyeniambia siku ya makabidhiano, na kwenye karatasi ya masharti niliyosaini kulikuwa na kurasa mbili za adhabu ukipoteza chaja lakini mstari mmoja kuhusu Downloads haukuwepo.

2024 nilikuwa Kilosa kwenye mahojiano na akina mama waliopoteza watoto wachanga. Rekodi 14, kila moja kama dakika 50, na kinasa sauti chetu kinarekodi kwa WAV kwa hiyo kila faili ni karibu MB 500, ukijumlisha ni GB 7. Pale gesti hakuna Wi-Fi, natumia bando la simu, na nilikuwa najua vizuri kwamba nikiziweka Documents zitaanza kupanda na bando litaisha kabla ya kufika rekodi ya tano. Nikaziweka Downloads, nikajiambia nikifika chuoni nitazihamisha nikiwa kwenye eduroam, Wi-Fi ya chuo. Kinasa sauti kilikuwa kimejaa, nikazifuta kule ili niendelee na kijiji kinachofuata.

Nimerudi, wiki hiyohiyo umeme ulikatika ofisini, ukarudi kwa nguvu, laptopu iko kwenye chaja. Ikazima, haikuwaka tena.

Nilivyopeleka TEHAMA mwanzoni sikuwa na wasiwasi mkubwa, nilijua wanaweza kuitoa diski na kuifungua kwenye mashine nyingine kwa ile namba ya BitLocker, na kweli namba walikuwa nayo, tarakimu zote 48 zimeandikwa kwenye mfumo wao. Fundi akafungua skrubu za chini, akaitoa SSD, kakipande kama pakiti ya bigijii, akaichomeka kwenye kompyuta yake. Haikuonekana. Akabadilisha waya, akajaribu mashine ya pili, haikuonekana. Ubao na diski vyote vilikuwa vimeungua. Akaniuliza taratibu, "Mwalimu, ulihifadhi wapi?" Nikamwambia Downloads. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Pole sana, mwalimu."

Kesho yake wakanipa laptopu nyingine. Nikaingia kwa akaunti yangu saa nane mchana, na ndani ya dakika chache majina ya mafaili yangu yote ya Documents yakaanza kujitokeza, tasnifu, masomo ya kufundishia, matokeo ya wanafunzi ya miaka miwili, kila kitu kwenye folda yake kama nilivyokiacha. Sijui kama mliowahi kupoteza kazi mnaelewa ile hali, umeona mambo ya miaka yote yamerudi mzima, na palepale unajua zile 14 hazipo.

Ilibidi nirudi Kilosa. Kati ya wale akina mama 14, 11 walikubali kuongea tena. Wawili walikuwa wameshahamia mashambani kwa msimu. Mmoja akaniambia, "Mwanangu, nilishakueleza. Sina nguvu ya kueleza tena." Sikumlazimisha. Yule mama alinipa kitu kimoja kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kupewa kwenye kazi hii, na mimi nilikiweka folda isiyo sahihi kwa sababu ya kuokoa bando la shilingi elfu chache. Ndiyo maana narudia jambo hili kwa kila mwajiriwa mpya ninayekutana naye kwenye korido.

Kwa hiyo jifunze zile alama ndogo pembeni ya jina la faili. Kiwingu cha bluu maana yake faili liko mtandaoni tu, bila intaneti hulifungui. Duara jeupe lenye tiki ya kijani, limeshuka kwenye mashine lakini mfumo ukikosa nafasi unaweza kulirudisha juu. Duara lililojaa kijani lenye tiki nyeupe, hilo linakaa na wewe siku zote. Ukiwa unakwenda fildi, siku moja kabla bonyeza kulia kwenye folda ya kazi, chagua ibaki kwenye mashine muda wote, subiri mpaka kijani kijae ndipo ufunge begi. Nimeona mtafiti mwenzangu amefika kijijini na dodoso zote ni viwingu vya bluu, mtandao hakuna, siku nzima imepotea na gari la mradi limeshalipiwa mafuta. Na kuhusu bando, kumbe dawa ilikuwepo, ukiunganisha hotspoti ya simu ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi uiseti kama mtandao unaopimwa, OneDrive itasimama yenyewe mpaka ukifika kwenye mtandao wa chuo. Yaani ningeweza kuziweka Documents tangu mwanzo, zikasubiri, na nikabaki na kopi kwenye diski ya nje iliyofungwa kwa pasiwedi.

Halafu kuna suala la nafasi. Tulizoea kusikia ni bila kikomo, sasa hivi sisi kila mtu ana GB 100. Watu wanawalaumu TEHAMA lakini hili limeanzia juu, Google walitangaza 2021 kwamba bure isiyo na mwisho kwa vyuo inaisha na chuo kizima kinagawana TB 100, na Microsoft nao wakaja na utaratibu wa kufanana na huo 2024. Chuo chenye maelfu ya wanafunzi na wafanyakazi, TB 100 ni kidogo. Kwa hiyo video za harusi za wafanyakazi zikikaa humo zinakula nafasi ya data za utafiti, na mimi siku hizi nakuwa mkali kwenye hilo.

Lingine ambalo watu hawalijui kabisa, OneDrive ni ya mtu, siyo ya idara. Kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyekuwa anatunza data za mradi mzima kwenye akaunti yake, ametugawia sote linki, tunafungua kila siku tunaona ni mali ya mradi. Mkataba wake ukaisha, akaunti ikafungwa na kufutwa, na kwa kawaida mfumo ukishafuta akaunti unasubiri siku 30 tu kisha unaondoa kila kitu chake na linki zote zinakufa, labda chuo kiwe kimeongeza muda, na cha kwetu hakikuongeza. Sisi tulishtuka mwezi wa pili. Faili ulilofuta mwenyewe unaweza kulitoa kwenye pipa la taka ndani ya siku 93, lakini la mtu ambaye akaunti yake haipo tena huwezi kulitoa mwenyewe, ni admini tu anayeweza kulirudisha, na kwa muda maalumu. Tangu hapo mradi wetu una eneo lake la pamoja, lenye wenyewe watatu, na akiondoka mmoja data haiondoki naye. Ukipewa mradi wowote, siku ya kwanza omba eneo la pamoja kabla hata hujafungua dodoso.

Upande wa usalama hapa nawapa maksi za juu, na sisemi kwa kuwapendelea.

Nje ya geti letu kuna steshenari kama sita, na mwanafunzi yeyote anajua ukichomeka flashi pale unarudi na vile virusi vya shotikati, folda zako zote zimefichwa na badala yake kuna vijishotikati vyenye majina yaleyale, ukibonyeza tu umeisambaza. Kwenye laptopu yangu ya zamani nilishafomati mara tatu kwa sababu hiyo. Hii ya chuo, flashi ikiingia inasomwa kwanza, kinachoonekana kibaya kinawekwa pembeni, na kuandika kwenye flashi isiyofungwa kwa pasiwedi inakataa. Mwanzo ilinikera, nilitaka tu kumpelekea kaka wa steshenari slaidi za kuprinti. Sasa natuma kwa barua pepe, anaprinti, nachukua karatasi zangu naondoka.

Na programu za kukraki. Hili tuliongee wazi kwa sababu walimu wengi wa takwimu walijifunzia SPSS ya kukraki, na mimi nilikuwa mmoja wao. Ile programu ndogo unayoambiwa "zima antivairasi kwanza ndipo uiendeshe" ndiyo mlango wenyewe. Umezima mlinzi, umempa mgeni usiyemjua ruhusa zote za mashine, halafu kwenye mashine hiyohiyo unafungua mfumo wa matokeo ya wanafunzi. Laptopu ya chuo haikuruhusu hata ukitaka, na kwa kweli kazi zangu nyingi zimehamia R, programu nyingine ya takwimu, ni ya bure, leseni haiishi katikati ya tasnifu, na jamovi kwa wanafunzi wanaoogopa kuandika amri. QGIS kwa ramani, Zotero kwa marejeo, vyote vilikuwa tayari kwenye orodha ya chuo.

Wanaosema apdeti zinawasumbua nawakumbusha WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai pesa ili yafunguliwe. Dawa yake Microsoft waliitoa 14 Machi 2017, shambulio likaja 12 Mei 2017, karibu miezi miwili mizima, na bado likaangusha kompyuta nchi nyingi duniani mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa, kwa sababu kuna mashine hazikuwa zimeapdetiwa. Na kwa vyuo kisa kinachonikaa kichwani ni cha Chuo Kikuu cha Maastricht kule Uholanzi. Mtu alifungua barua pepe ya utapeli Oktoba 2019, wadukuzi wakakaa ndani kimyakimya zaidi ya miezi miwili, siku chache kabla ya Krismasi wakafunga seva 267, na chuo kikaishia kulipa bitcoin 30, karibu euro 200,000 kwa wakati ule. Barua pepe moja, kwa mfanyakazi wa kawaida kama mimi na wewe. Kwa hiyo ikinijia "boksi lako limejaa, bonyeza hapa uongeze nafasi" sibonyezi, nampigia kijana wa TEHAMA.

Kuingia kwa hatua mbili nako kuna ujanja wake. Ile ya kuandika namba ya tarakimu mbili kwenye app ya simu, Microsoft Authenticator, inahitaji simu iwe na intaneti, lakini ndani ya app ileile kuna kodi ya tarakimu sita inayobadilika kila baada ya sekunde 30, hiyo inafanya kazi hata simu haina bando kabisa. Mimi nimeigundua baada ya mwaka mzima wa kupanda vilima kutafuta mtandao wa simu. Na ukibadilisha simu, hamisha app kabla hujamuuzia mtu ile ya zamani.

Sasa malalamiko, maana yapo na ni ya haki.

Kwanza, kusubiri. Niliomba programu moja ya kunakili mahojiano kwa maandishi, haikuwa kwenye orodha, nikajaza fomu, ikachukua siku tisa za kazi kupata jibu na jibu lenyewe lilikuwa swali, "inatumika kwa ajili gani?" wakati nilishajaza kwenye fomu. Mlinzi akiwa mkali lazima awe na kasi ya kufungua geti, la sivyo watu wataruka ukuta, na nimeona wenzangu wakiruka, wanapeleka data za chuo kwenye laptopu zao binafsi ili kazi iende. Hapo usalama wote umekufa.

Pili, wikiendi. Jumamosi moja jioni, nina wasilisho Jumatatu, laptopu ikajiapdeti mambo ya ndani, ikawaka na skrini ya bluu ya BitLocker inataka zile tarakimu 48. Dawati la msaada linafungwa Ijumaa saa kumi. Nilikaa na mashine iliyofungwa mpaka Jumatatu saa mbili. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba namba hiyo ningeweza kuitoa mwenyewe kwa simu, unaingia kwenye ukurasa wa akaunti yako ya kazi, sehemu ya vifaa, unachagua laptopu yako, ipo pale. Siyo vyuo vyote vimeruhusu ila kwetu ilikuwa imeruhusiwa muda wote. Jaribu leo ukiwa huna shida, ujue kama kwako ipo.

Tatu, OneDrive haielewani na kila programu. Usiweke folda ya data ya Zotero ndani yake, hifadhidata yake inaweza kuharibika, na Zotero wenyewe wanakataza. Kama bado una R ya zamani chini ya 4.2, paketi zake zilikuwa zinajiweka ndani ya Documents, kwa hiyo OneDrive inahangaika kupandisha maelfu ya vifaili vidogo huku R inalalamika haiwezi kuandika. Tangu 4.2.0 ya Aprili 2022 zimehamishiwa sehemu nyingine, omba tu apdeti.

Kompyuta za maabara ya wanafunzi ni uchungu mwingine. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida 14 Oktoba 2025, sisi wafanyakazi tukahamishwa kwenye 11, lakini mashine nyingi za maabara hazina ile chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo Windows 11 inaitaka. Wanafunzi wetu ndio wanaochomeka flashi kuliko mtu yeyote, na ndio wamebaki nyuma. Hilo uongozi ulitazame.

Maksi zangu ni nane kwa kumi kwa usalama, sita kwa hifadhi ya mafaili kwa sababu hawafundishi watu, na nne kwa huduma ya dawati. Ukipewa, ichukue. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na habari za afya za mtu inazihesabu kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo kubeba mahojiano ya akina mama kwenye laptopu ya Kariakoo yenye Windows ya kukraki ni jambo ambalo siwezi kulifanya tena wala kumruhusu msaidizi wangu alifanye.

Mkataba wangu unaisha Juni. Rekodi za wale akina mama 11 ziko kwenye eneo la mradi, wenyewe ni watatu, na wiki iliyopita nimemwandikia mkuu wa idara kumwomba aweke mtu wa nne kabla sijarudisha laptopu stoo.